Schnitger au Silbermann: ukiwa na siku mbili Ujerumani, ukasikilize kinanda cha nani?

Kijana mmoja wa kwaya yetu kapata nafasi ya kwenda Ujerumani na msafara wa usharika, ratiba yote imeshapangwa na wenyeji ila mwishoni kuna siku mbili za bure, basi usiku wa manane akanitumia meseji: "Mwalimu shikamoo, tumeambiwa tunaweza kwenda Hamburg au Dresden, wapi kuna vinanda vya maana?" Nikaanza kumjibu mistari miwili, nikajikuta nimeandika ukurasa mzima, nikaona bora niuweke hapa maana hata asiyesafiri utamfaa, rekodi siku hizi zimejaa tele na kinachosumbua ni kujua uanze na ipi. Mi mwenyewe sijakanyaga huko, nawajua mafundi wa vinanda vya huko, Schnitger na Silbermann, kwa hedifoni na kwa kusoma, ila nimewasikiliza miaka mingi kiasi cha kuwa na upande wangu na sitauficha.

Hamburg ni kwa Arp Schnitger. Dresden ni kwa Gottfried Silbermann. Nikisema kinanda simaanishi hiki cha umeme tunachobeba begani kwenda ibada ya nyumbani, namaanisha kinanda cha mabomba, kile ambacho mivukuto inasukuma upepo ndani ya sanduku, juu ya sanduku mabomba yamesimama safu kwa safu, kila safu na sauti yake, unaifungua kwa kuvuta kijiti kinachoitwa stopu, halafu vibonye vya mikono vimepangwa kwa ngazi (kila ngazi inaitwa manuali) na chini kuna pedali za miguu kwa ajili ya besi. Ukielewa hapo umeelewa nusu ya ubishi wote.

Schnitger ndo mkubwa kiumri. Kazaliwa 1648, mwaka ule ule vita vya miaka 30 vinaisha, kijiji cha Schmalenfleth karibu na mto Weser, baba yake seremala. Ujuzi wa vinanda kaupata kwa ndugu yake Berendt Hus kule Glückstadt, wakawa pamoja kwenye kazi ya kanisa la Mt. Cosmas na Mt. Damian mjini Stade, Hus akafariki 1676 na kijana akabaki na karakana pamoja na wateja. Mwaka 1682 akahamia Hamburg kwa sababu ya tenda moja tu, kanisa la St. Nikolai lilitaka kinanda kikubwa, na kweli kikatoka na stopu 67 na manuali nne, bomba refu kuliko yote la futi 32, kikakamilika 1687 na Buxtehude mwenyewe, mtunzi na mpiga kinanda maarufu, akafunga safari kutoka Lübeck kuja kukikagua. Hiki usikitafute, kiliungua kwenye moto mkubwa wa Hamburg wa 1842.

Silbermann kazaliwa 1683, yaani mwenzie alikuwa tayari bosi mjini, huyu ndo kwanza ananyonyeshwa kijijini Kleinbobritzsch karibu na Frauenstein, kwenye milima ya Saksonia. Baba naye seremala. Akaenda Strasbourg kwa kaka yake Andreas, ambaye naye alikuwa fundi wa vinanda, akajifunza kule ladha ya Kifaransa, 1710 akarudi nyumbani. Kinanda cha kwanza aliporudi kilikuwa cha hapo hapo Frauenstein, 1711, na hakutaka faida, ni kama aliwaambia wazee wa kwao nilipieni gharama tu basi. Mwaka huo wa 1710, ana miaka 27, bado hajamaliza hata kimoja Saksonia, kanisa kuu la Freiberg wakamsainisha mkataba. Miaka 27! Sisi usharikani mtu wa umri huo hatumpi hata ufunguo wa stoo. Agosti 1714 akawakabidhi manuali tatu, stopu 44, mabomba 2,674, na mpaka leo kipo pale pale.

Sasa tuje kwenye tofauti yenyewe, maana watu wengi wanalinganisha ukubwa tu, nani kajenga vingi, nani kajenga kirefu, wakati mi naona hawa ni mafundi wa aina mbili kabisa na wote unawajua kutoka mtaani kwako.

Schnitger ni yule fundi anayekuja kwako, anafungua, anaangalia, anakwambia hili bado zima usilitupe, hili tulinyooshe, hapa tuongeze. Kinanda chake cha St. Jacobi pale Hamburg, alichojenga 1689 mpaka 1693, kina stopu 60 na mabomba kama 4,000, na sehemu nzuri ya mabomba hayo sio yake, ni ya mafundi wa kabla yake waliokufa zamani, kayarudishia ndani ya kazi yake na yakakaa na ya kwake bila kugombana. Fundi mchoyo angeyayeyusha akauza mapya. Halafu alikuwa haendi kila mahali mwenyewe, alikuwa na mafundi wakubwa anaowaamini wanasimamia kazi upande wa Groningen kule Uholanzi, Bremen, Magdeburg, yeye anazunguka kukagua, ndo maana hesabu ya kazi zake, ukiweka na alizozikarabati kwa ukubwa, inafika kama 170 na karibu 30 bado vipo. Vingine vilipakiwa melini. Kuna kimoja kinachohesabiwa kuwa cha karakana yake kiko kanisa kuu la Mariana huko Brazil, kilitokea Ureno kwa zawadi ya mfalme na kikafika mwaka 1753, yaani mzee ameshazikwa miaka 34 na kazi yake ndo inavuka bahari.

Silbermann hana hayo. Yeye ukimwita anakujengea kipya, kwa mpango wake, kwa bei aliyosema, ukitaka ongeza hiki punguza kile anakutazama tu. Kajenga kama 50, karibu vyote ndani ya Saksonia, na 31 vipo mpaka leo, hebu angalia hapo, zaidi ya nusu! Hakuhitaji kupanda meli kwenda popote. Vile vya vijijini vinafanana kama nyumba zilizotoka kwenye ramani moja, manuali mbili, stopu ishirini hivi, nenda Forchheim (1726), nenda Reinhardtsgrimma (1731), nenda Ponitz (1737), ukifumba macho utachanganya. Kuna wanaoliona hilo ni upungufu, kwamba hakuwa mbunifu. Mi nasema mtu anayeweza kurudia kitu kizuri mara thelathini bila hata kimoja kuwa kibovu huyo muacheni, hata mama ntilie anayepika wali ule ule kila siku na kila siku una foleni hatumwambii abuni.

Ila ubishi wake nao ulikuwa na sura mbaya. Alikuwa na mwanafunzi anaitwa Zacharias Hildebrandt, kijana mkali kweli kweli, akamsainisha kwamba akimaliza kujifunza hatafanya kazi za ushindani Saksonia wala Alsace (eneo la Strasbourg), yaani nyumbani kote kafungiwa mlango. Kijana akachukua kazi ya Störmthal karibu na Leipzig, mtunzi Johann Sebastian Bach akaja kukizindua kinanda hicho 1723, mwalimu na mwanafunzi wakafikishana kwenye sheria. Baadaye walipatana. Mwaka 1746 Hildebrandt kamaliza kinanda kikubwa cha Naumburg na waliokuja kukikagua ni watu wawili, Bach na huyo huyo Silbermann. Natamani ningekuwa pembeni nione uso wa mzee akivuta stopu za mwanafunzi wake.

Sauti sasa. Cha Schnitger kinakuja mbele. Kuna sanduku dogo la mabomba linaning'inia nyuma ya mgongo wa mpigaji, kwenye ukingo wa roshani, kwa hiyo sauti yake inawafikia washarika kabla ya zingine, na pembeni kuna minara miwili ya pedali yenye besi nzito za kuvuma kama tarumbeta, mguu mmoja tu ukigusa benchi linajua. Vilijengwa kwenye miji ambayo kanisa zima linaimba, na kinanda ndo kinawaburuza. Unasikia kila sehemu inatoka upande wake, hii juu, hii kushoto, hii mgongoni. Muziki wa Buxtehude, wa Bruhns, wa Vincent Lübeck (huyu alikuwa anapiga hicho cha Stade, baadaye akahamia St. Nikolai) ukiusikia kwenye vinanda vingine unaona kama watu wanarukaruka bila sababu, ukiusikia kwa Schnitger unaelewa walikuwa wanarukia wapi.

Cha Silbermann hakina hilo sanduku la mgongoni, mabomba yote yamo kwenye kabati moja mbele na sauti inatoka ikiwa imeshakuwa moja. Wajerumani wanapenda kusema ina mlio wa fedha, kwa vile jina lenyewe linamaanisha mtu wa fedha na Freiberg ulikuwa mji wa migodi ya fedha, utani wa miaka mia tatu huo, ila ukisikiliza stopu zake za juu unakubali, zinang'aa bila kuchoma sikio. Filimbi zake laini sana. Na ile ladha aliyotoka nayo Strasbourg ipo, kuna michanganyiko ya Kifaransa inayoimba sauti moja juu kama mtu anahadithia. Besi ndo mahali ninapomkatia maksi, kwenye vinanda vidogo stopu za pedali ni chache, mbili tatu hivi, ukitoka kwa Schnitger unajikuta unatafuta miguu ya kinanda iko wapi.

Kitu ambacho wapiga kinanda wenzangu hawakitarajii ni hiki. Vyote viwili vimetuniwa juu kuliko tulivyozoea. Keyboard yako ya kanisani A yake ni 440 (mitetemo kwa sekunde), ya St. Jacobi ni kama 495, yaani unabonyeza A masikio yanasikia B, na kile cha Freiberg ni kama 476, katikati hapo hakieleweki. Soprano wetu wakiimba kule watalia. Na hakuna kitufe cha kutranspozi! Halafu hazikutuniwa kama tunavyotuni leo ambapo nafasi zote kumi na mbili zimegawanywa sawa, kwa staili ya Silbermann ukipiga C, G, F, D unapata utamu ambao keyboard haiwezi kukupa kabisa, ila ukijidai kwenda A flati, ile tunayoipenda kwenye mapambio, linatoka yowe ambalo Wajerumani wenyewe waliliita mbwa mwitu. Kuna wakati ukisikiliza rekodi za vinanda vilivyotuniwa hivyo utaona wapigaji wanachagua nyimbo kwa adabu sana, sababu ndo hiyo. Na vibonye vya chini kabisa vingine havipo, C shapu ya chini hutaikuta, walibana bajeti ya mabomba makubwa, kwa hiyo muziki wa karne ya 19 usahau.

Bach kawagusa wote, na watu wanamtumia kama refa. Mwaka 1720 aliomba kazi ya kupiga kinanda hapo St. Jacobi, kwenye hicho hicho cha Schnitger, mzee ana mwaka mmoja tangu afariki. Kazi hakupata. Aliyepata ni bwana mmoja Heitmann ambaye aliipa hazina ya kanisa mark 4,000, na mchungaji wa pale, Neumeister, alikasirika mpaka akalisemea mimbarini, kwamba hata malaika wa Bethlehemu angeshuka kuomba kazi hiyo bila hela angerudi alikotoka. Mambo ya bahasha hayajaanza jana jamani. Kwa Silbermann, Bach alipiga kinanda cha Frauenkirche ya Dresden tarehe 1 Desemba 1736, kikiwa kipya. Na kuna kesi ya piano pia, maana Silbermann alikuwa anatengeneza na piano wakati huo chombo chenyewe ni kigeni, Bach akazijaribu akasema vibonye vizito na sauti za juu dhaifu, mzee akanuna, akarudi karakanani miaka kadhaa akarekebisha, na 1747 Bach alipoenda Potsdam kwa mfalme Frederick alizikuta piano za Silbermann na safari hii hakulalamika. Schnitger hana habari ya piano, kama piano ndo kinakuvutia mshindi umeshampata.

Vita ndo vimeamua sana leo unaweza kusikia nini. St. Jacobi mabomba ya mbele ya bati yalichukuliwa 1917 kwa mahitaji ya vita, vita ya pili ilipokuja wenye akili wakayatoa mabomba wakayaficha, 1944 kanisa likapigwa bomu na kabati likaangamia, mabomba yakapona. Ukarabati mkubwa wa fundi Jürgen Ahrend ulikamilika 1993, kabati ni jipya, sauti ndo ya zamani. Dresden ilikuwa mbaya zaidi, cha Sophienkirche na cha Frauenkirche vyote vilikwenda na mabomu ya Februari 1945, kwa hiyo ukiingia Frauenkirche ya leo usidanganyike, kilichomo sio cha Silbermann. Chake Dresden ni kile cha Hofkirche, kanisa la Wakatoliki, ambacho mabomba yake yalikuwa yametolewa 1944. Hicho ndo kikubwa kuliko vyote alivyogusa, stopu 47, na ndo kilichomkuta kifo, alifariki Agosti 1753 hapo hapo Dresden kazi haijaisha, aliyemalizia 1755 ni Hildebrandt. Ndio, yule yule.

Na tahadhari moja kabla sijasahau, ukitafuta rekodi majina haya yana ukoo. Ukiona Silbermann wa Strasbourg huyo ni kaka Andreas au mtoto wake Johann Andreas, sauti yao ni ya Kifaransa zaidi. Ukiona Schnitger wa Zwolle (1721) au Alkmaar (1725) kule Uholanzi, huyo ni Franz Caspar, mtoto wa Arp, vizuri mno vyote viwili ila sio vya baba. Watu wanabishana mwezi mzima kumbe kila mmoja anamsema mtu mwingine.

Haya, kuchagua. Kama ni siku moja tu na unataka kusikia kinanda kimoja ambacho hakijapigwa bomu, hakijahamishwa, hakijabadilishwa sana, nenda Freiberg bila kuuliza mara mbili, ni kama kilomita 40 kutoka Dresden, treni zipo, na mji huo mdogo una vinne vya Silbermann, viwili ndani ya kanisa kuu peke yake kwa sababu cha St. Johannis kilihamishiwa hapo. Muda ukibaki, Frauenstein kuna makumbusho yake. Kwa Mlutheri wa kaskazini kuna na sababu ya moyo, wamisionari wa Leipzig waliopanda Kilimanjaro 1893 walitumwa kutoka Saksonia hiyo hiyo, na Bruno Gutmann ambaye wazee wa Old Moshi bado wanamtaja kazaliwa Dresden 1876, yaani nyimbo walizotuletea babu zetu zilikuwa zimeshaimbwa chini ya mabomba ya namna hii.

Ila kama wewe ni mtu wa kuongoza washarika kuimba, na kijana wangu ni huyo, anapiga keyboard Jumapili watu mia nne na wanamtangulia au wanamchelewesha kila ubeti, mi namtuma Hamburg. Akisikia besi za Schnitger zinavyoshika kanisa zima mkono atajua kwa nini kila siku namwambia mguu, mguu, mguu. Siku ya kwanza St. Jacobi. Ya pili apande treni ya mjini aelekee Altes Land, bonde la mashamba ya matofaa kando ya mto Elbe, ambako vimejipanga karibu karibu, Neuenfelde (1688), Steinkirchen (1687), Hollern (1690), mpaka Stade alikoanzia. Vya vijijini huko ni vidogo lakini hakuna kimoja kinachofanana na mwenzie, na kuna sharika maskini ambazo mzee aliwapunguzia mpaka hakubaki na kitu. Wa kusikiliza tu nyumbani atafute na rekodi za Norden, kanisa la St. Ludgeri, pale pedali zimewekwa upande mmoja wa nguzo na utaisikia besi inatoka pembeni.

Nimemwambia apige simu mapema ofisi ya usharika wa Neuenfelde maana makanisa ya vijijini hufungwa, na akiwa na bahati mpiga kinanda wao atamwachia akanyage hata dakika kumi, aende na viatu vya soli nyembamba. Schnitger alihamia hapo uzeeni, na Julai 1719 wakamzika humo humo kanisani. Kinanda chake kipo roshani na bado kinapigwa Jumapili.